Niliandika Kwamba Wameridhia

Songea, bomani

Kaka yangu Salim, shikamoo. Naomba waraka huu ukukute u mzima, wewe na shemeji na watoto, na miguu ya mama iwe imepata nafuu. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi, lakini moyo, kaka, sikufichi, umekwisha.

Habari ya wewe kuitwa kukaa katika baraza la liwali hapo Kilwa nimeipata kwa wapagazi. Najua kila mtu anakupongeza. Mimi nakuandikia kukutia hofu.

Vita vya Maji Maji vimekwisha, na huku Ungoni wale waliokuwa wakisikilizwa ama walitiwa kitanzini, ama walikufa kwa njaa porini. Bwana mkubwa wa boma akasema anataka baraza, watu wajisemee wenyewe. Maneno matamu hayo! Akachagua wazee watano. Mmoja kwa kuwa anajua Kiswahili, wa pili kwa kuwa mwanawe ni askari, wa tatu kwa kuwa hukaa hapa mlangoni kutwa, na wa nne wala sijui kwa nini, labda kwa ndevu zake. Mmoja tu, mzee Nyoni, ndiye watu waliyekuwa wakimwendea kwa shauri tangu zamani. Mwanamke hata mmoja hakuna, na nyumba nyingi huku zimebaki na wajane watupu, nao ndio wanaolima. Mimi karani, kazi yangu kuandika linalosemwa.

Kiangazi kilichopita bwana akawaambia mbegu zote za ulezi ziletwe ghalani, zilindwe, zigawanywe mvua zikianza. Akauliza, mnakubali? Wazee kimya. Akauliza tena. Kimya vilevile. Akanigeukia mimi: "Karani, wanasemaje?"

Nisamehe, kaka. Wewe ndiye uliyemwozesha dada yetu, unajua mambo yetu: binti akiulizwa akanyamaza, shehe husema ameridhia, na watu wakaletewa halua. Nikamwambia bwana, wameridhia. Nikaandika, naye akatia sahihi.

Kesho yake asubuhi mzee Nyoni huyo kaja, miguu vumbi tupu, na nyuma yake mjane mmoja wa bonde la Ruhuwiko. "Tumeleta jibu," akasema. Jibu gani tena? Kumbe huku neno likiletwa barazani halijibiwi siku ile. Mzee hulichukua akaenda nalo nyumba kwa nyumba, akawauliza wenye majembe, ndipo akarudi. Ajibuye papo hapo huonekana mlaghai, amejisemea nafsi yake. Na jibu lao lilikuwa la busara: nusu ya mbegu tutaleta, nusu ibaki vihengeni mwetu. Nikawapeleka kwa bwana. Akafungua kitabu, akawasomea maandishi yangu mimi mwenyewe, kisha akawafukuza.

Askari wakapita kila nyumba. Kabla ya mvua ukaja msafara mkubwa, wapagazi wakalishwa mbegu zile, uji asubuhi, ugali jioni, hata ghala likafagiliwa. Sasa mvua inanyesha, tena mvua nzuri, na mashamba yamelimwa hayana kitu ndani. Watu wanachimba mizizi. Yule mjane juzi amezika mtoto. Nilikwenda mazikoni, wallahi nilitamani anitukane, asinitukane. Aliniuliza tu, "Karani, nani alikuambia tumekubali?"

"Mama, mlinyamaza."

"Tulinyamaza kwa kuwa tulikuwa hatujaulizana."

Majuto ni mjukuu, wazee wetu walisema, na mimi wangu nimempakata.

Basi kaka, ukikaa kwenye kiti hicho usidhani kiti ndicho kimekufanya msemaji wa watu. Rudi mtaani. Waulize wavuvi, waulize na wanawake wanaowatwangia, hata kama watakucheka. Na liwali akikataa kungoja, inuka urudi nyumbani. Afadhali uambiwe una kiburi.

Wiki hii bwana ameita baraza tena. Anataka watu wa bonde lile wahame, wajenge kando ya barabara. Wazee wakanyamaza. Safari hii nikasema, "Bwana, hawajajibu bado, tuwape siku." Alinitazama kama atazamwavyo mlevi, lakini akakubali, na ukurasa nikauacha mtupu.

Nibusie mkono wa mama. Msalimie mjomba Hamadi, fundi milango, na shangazi mwenye duka la viungo, na umshukuru shemeji kwa kunilelea binti yangu. Binti mwambie baba yake anamwombea kila swala. Hayo mengine usimwambie.

Tangu baraza lile nimengoja siku nne. Kila asubuhi nimesimama kwenye lango la boma natazama njia ya bondeni, na hakuna aliyekuja. Bwana ananiuliza, jibu liko wapi? Jana nikamfuata mzee Nyoni kwake. Nikamwambia, mzee wangu, mara hii sijaandika kitu, nawangoja ninyi, mbona hamji?

Hata hasira hakuwa nayo. Alinikaribisha kigoda, akasema, "Andika upendavyo, mwanangu. Nyumba nilizokuwa nikiziuliza hazina watu tena."

Ni mimi nduguyo,
Athumani