Kamera ya Deo Inaondoka Kesho

Alhamisi, 14 Machi. Asubuhi manyunyu, mchana jua kali.

Muuzaji wa Dar amekubali kuipokea kamera ya marehemu mume wangu, nami niongezee fedha nipate mpya. Nilitaka kubadilisha bodi tu, yaani kamera yenyewe, lenzi zibaki. Akasema hazishiki kwenye mpya, kwa hiyo nazo zinakwenda. Sina namna. Wenye harusi siku hizi wanauliza aina ya kamera kabla ya kuuliza jina langu.

Mama mkwe alifika kutoka Idete akanikuta naifunga kwenye boksi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo mpya itanipunguzia makunyanzi?"

"Itayaonyesha yote, mama."

Akacheka. Kisha akasema, "Basi nirekodi na hii kwanza."

Deo alirekodi misiba ya bonde hili lote, lakini wake haukurekodiwa. Mwingine wa kushika kamera nilikuwa mimi, na mjane hukaa mkekani. Hilo bado linaniuma.

Nikaitoa, nikamweka mama uani. Alinyoosha khanga yake, akaitazama lenzi, si mimi.

"Deo, baba, sogea kivulini. Jua linakuunguza."

Nikasogea. Akaendelea kumsimulia mpunga, paa linalovuja, wajukuu, nami sikuzima mpaka betri ilipokwisha.

Video nimeihamishia kwenye kompyuta. Kamera imerudi kwenye boksi, basi linaondoka alfajiri.

Saa nane kasoro usiku. Sasa ndiyo nalala.