Fomu Isiyo na Shikamoo

Michenzani, 9 Machi 2025

Mpendwa katika Bwana,

Tunakusalimu kwa jina la Yesu. Kanisa letu la mtaa wa Ng'ambo linatuma watu kumi na wawili Madagaska kwa wiki nne, kuanzia tarehe 22 Agosti, kwenda kutengeneza kanisa la mawe na chumba cha darasa la watoto vilivyobomolewa na kimbunga. Tunahitaji washirika wa sala na wa mali. Tafadhali weka alama katika kisanduku kimoja hapo chini na uirudishe fomu hii kabla ya Pasaka.

☐ Nitawaombea.
☐ Nitachangia Sh. ..............
☐ Siwezi kwa sasa.

Wenu katika huduma,
Yustina A. Songoro


Makunduchi, 16 Machi 2025

Kwa Bibi Yustina A. Songoro,

Salamu. Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Jecha wa gari ya Makunduchi. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani, maana mara ya kwanza nilidhani macho yangu ndiyo yaliyoruka shikamoo. Kumbe haimo.

Mimi ni mzima, ingawa hukuuliza. Goti linauma asubuhi, ingawa hukuuliza. Mbuzi amezaa pacha, na hilo nalo hukuuliza.

Yustina, mimi ndiye niliyekutia mwiko mkononi ukiwa na miaka kumi na miwili, watu wa Mji Mkongwe wakinicheka kuwa namfundisha mtoto wa kike kupiga lipu. Leo unavuka bahari, na mimi napata habari kwa kuwekewa visanduku. Kwetu anayesafiri hupiga magoti akaomba radhi kwa mzazi wake. Wewe umenipa machaguo matatu, na radhi haimo hata kwenye moja.

Halafu kanisa lenyewe ni lile lile. Miaka sita iliyopita niliwaambia wazee wa kanisa wasiupake saruji ukuta wa kanisa lile, kwa sababu ni wa mawe na chokaa na unataka kupumua. Wakanishukuru, wakaninunulia soda, kisha wakaupaka saruji. Tangu siku ile sijatia mguu humo, na sitatia. Sasa naona wanataka kwenda kuharibu na ukuta wa watu wengine.

Fomu yako ndiyo hiyo nairudisha. Nimetia alama kisanduku cha tatu, kwa wino usiofutika.

Babaako, kama unakumbuka,
Agustino


Michenzani, 19 Machi 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyengine ya ile barua ya kwanza, ambayo najua umeikalia ukiisubiri. Goti linaendeleaje? Unalikanda kwa maji ya moto au unalitazama tu? Hao pacha wa mbuzi ni majike? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio tangu juzi haukai mahali pake.

Nitakueleza ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Katibu alitupa barua zilizochapishwa, kila mmoja sitini. Nikakaa sebuleni kwa jirani yangu Bi Kidawa, nikizikunja pamoja na binti yake Ilham. Ilipofika yako, Ilham akaniuliza: "Hii si ya babaako? Mbona haina hata shikamoo?" Nikamjibu kuwa zote ni sawa. Ndivyo nilivyosema, baba, kwa mdomo huu. Usiku wa leo na wa jana nimekuwa nikijisikia nikilisema neno lile.

Hazikuwa sawa. Yako nilikuwa naiogopa, ndiyo maana nikaificha katikati ya nyengine. Nilijua ukisikia jina la kanisa utakumbuka saruji.

Sasa nakwambia lile nililolikwepa. Wazee wa kanisa wanataka kwenda na saruji hata huko. Nimesimama mbele ya kamati nikasema kanisa la huko ni la mawe ya matumbawe na chokaa, na chumba cha watoto kilikuwa na dari ya chokaa ya kupigwa kwa fimbo, ile ambayo ndiyo paa lenyewe, kama nyumba zetu za mjini. Wakaniuliza: "Unajua kuipiga wewe?" Nikaomba muda nikuulize. Kuta ulinifundisha, dari hukunifundisha, kwa sababu nilipofika umri wake wewe ulikuwa umeshahamia Makunduchi. Wamenipa mpaka tarehe 20 Mei nilete vipimo vya kuichanganya, kwa kuwa chokaa lazima irowekwe shimoni miezi mitatu kabla hatujafika. Nisipoleta, itanunuliwa saruji.

Kwa hiyo nakuomba vitu viwili. Cha pili ni ujuzi wako. Cha kwanza ni radhi, na bila hiyo sipandi ndege, hata nauli ikitimia. Ningekuja kupiga magoti leo hii, lakini najua ukiwa umekasirika unatoka kwa mlango wa nyuma. Nijibu, kisha nitakuja.

Mwanao,
Yustina


Michenzani, 20 Aprili 2025, Pasaka

Baba yangu,

Shikamoo. Mwezi mzima hujajibu. Jecha ananiambia u mzima na kwamba kila akipita anakukuta uwanjani unachanganya kitu. Kinachochanganywa hasemi, anacheka tu.

Nikupe habari za huku. Sigawi fomu tena. Kila Jumamosi nakwenda Mji Mkongwe na mwiko wangu, naziba panapovuja, na mwenye nyumba anatoa anachoweza kwa ajili ya safari. Mzee Muhiddin wa Malindi alikuwa analala na beseni kitandani. Nilipomaliza alinipa bahasha akasema: "Hii si ya kanisa, mwanangu. Hii ya mkono wako."

Na Bi Kidawa, siku ya Idi, amekaanga na kuuza vibibi vya unga wa mchele kutoka asubuhi mpaka jioni na pesa yote ameniletea. Nikamwambia, lakini Bi Kidawa, hii ni kazi ya kanisa. Akaniangalia kama nimepotewa na akili. "Dini yangu nnayo, sitaki nyengine. Lakini watoto kunyeshewa darasani, hilo nimeshindwa kulilalia."

Leo ibadani kipande cha ile lipu ya saruji, cha ukubwa wa sinia, kimeanguka karibu na kinanda. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa amekitazama muda mrefu. Kiti chako cha dirishani kilikuwa kitupu, na mimi nililia, nikasingizia vumbi.

Mwanao,
Yustina


Makunduchi, 18 Mei 2025

Mwanangu Yustina,

Marahaba. Marahaba tatu, uziweke kila moja mahali pake. Hujambo? Bi Kidawa hajambo? Goti halijambo. Wale pacha ni majike wote wawili, na mmoja nimempa jina lako kwa kuwa hasikii.

Ulinihesabia mwezi mmoja wa kimya, na sasa imekuwa miwili. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nimekasirika, hizo ni zangu na siziombei msamaha. Zilizobaki nilikuwa kazini.

Nilishika kalamu nikuandikie vipimo vya dari, nikaona sivijui. Mikono inavijua, lakini mdomo hauwezi kuvisema, na miaka ishirini sijapiga dari hata moja. Ningeweza kubahatisha, kisha dari ikaangukia watoto wa watu. Basi nikaamua kulipiga dari banda la mbuzi.

Nilichota chokaa iliyolala shimoni kwangu tangu mwaka jana, nikachoma mawe nilijaze shimo upya, nikalaza boriti. Kufika kwenye kupiga, nikawa napiga peke yangu na dari inapasuka. Hapo ndipo Bi Thuwaiba wa nyumba ya pili akatoka na mkongojo wake. Bibi huyu ana miaka themanini, na usichanani mwake alikuwa akipiga dari za mjini. Akanambia: "We Agustino, dari haipigwi na mtu mmoja! Inapigwa na watu wengi, kwa wimbo mmoja, fimbo zote zishuke pamoja." Nikamweleza kwa nini naipiga. Akaniuliza kama radhi nimeshakupa. Nikasema bado, kwa sababu ya ile habari ya saruji. Yustina, bibi yule alinyanyua mkongojo! "Mtoto anakuomba radhi, wewe unamnyima kwa ajili ya simenti? Huoni haya mbele ya mbuzi?"

Nikaona haya, mwanangu. Nimekuwa mtu mzima nikagombana na ukuta mpaka nikakaribia kumpoteza mwanangu.

Bi Thuwaiba akawaita wanawake tisa. Wamepiga siku tatu, wakiimba. Kisha masika ikamwaga siku nne mfululizo, na mimi nikakaa bandani na mbuzi, nimevua kofia, naangalia juu. Haikudondoka hata tone.

Basi kipimo ni hiki, na nimekijaribu: vikapu vitatu vya kokoto, viwili vya chokaa, kimoja cha udongo mwekundu. Mwambie mchungaji wa huko aroweke chokaa leo, asingoje kesho. Dari ipigwe mpaka ikaze na fimbo iruke yenyewe. Ikiisha, ijaribiwe kwa maji, siyo kwa maneno.

Radhi nimekupa. Nimekupa na za marehemu mamaako, maana najua angeshanigombeza siku nyingi. Nenda, urudi. Na uje Jumamosi ya mwisho kabla ya safari uniage; mlango wa nyuma nimeufunga kwa kufuli.

Babaako


Michenzani, 17 Agosti 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Umeamkaje? Mimi bado nanusa moshi wa tanuri lako la chokaa kwenye kanga niliyopigia magoti kwako, na sitaki kuifua.

Imetimia. Nauli, vyakula na vifaa vya watu wote kumi na wawili vimetimia, na siku tano zimebaki! Jina la mwisho kwenye orodha ya waliochangia ni Bi Thuwaiba wa Makunduchi. Ametuma fimbo yake ya kupigia dari, imeng'aa mpini kwa mikono. Kamati imepitisha chokaa. Saruji haimo hata mfuko mmoja.

Nakurudishia fomu yako. Wino kweli haufutiki, lakini visanduku viwili bado viko wazi.

Mwanao,
Yustina


Madagaska, 10 Septemba 2025

Baba yangu,

Shikamoo kutoka ng'ambo ya bahari. Sisi wazima. Barua hii naipiga picha, Ilham ataichapisha hapo mjini ampe Jecha. Wewe na watu wote wa Makunduchi hamjambo?

Mchungaji wa hapa aliroweka chokaa siku ile ile alipopata ujumbe wetu. Nilipoifunua shimoni ilikuwa laini kama samli, na nilicheka peke yangu kama mwehu. Kuta tumezimaliza kwa wiki mbili. Tulipofika kwenye dari nikawaambia wenzangu kuwa sisi kumi na wawili hatutoshi. Mwenyekiti wa wazee, ambaye tumekuja naye, akasema tumekuja kuwahudumia watu hawa, hatukuja kuwapa kazi. Nikamwambia baba yangu amejifunza kwa tabu kuwa dari haipigwi na mtu mmoja, na mimi sitalirudia kosa lake. Akaenda mwenyewe kuwaita wanawake wa hapa.

Wamekuja thelathini! Hatuelewani lugha. Nikaimba ule wimbo alionifundisha Bi Thuwaiba siku nilipokuja kukuaga, nikapiga fimbo mara tatu. Bibi mmoja asiye na meno akaniangalia, akacheka, akaanza kuimba wake, na fimbo yake ikashuka pale pale zinaposhuka zetu. Kumbe na wao walikuwa nao, wameusahau tangu walipoanza kuletewa mabati. Tumepiga siku nne. Siku ya nne fimbo ya Bi Thuwaiba iliruka yenyewe mkononi mwangu.

Jana tumeijaribu. Watoto wote walikaa chumbani chini, wamevaa nguo za Jumapili, wamefumbua midomo kuelekea juu. Wanawake wakapandisha ndoo, moja baada ya moja, wakamwaga ndoo mia moja. Nami nilisimama katikati ya watoto, naomba huku nimefumbua macho. Maji yakapita kwenye mikondo, yakamwagikia nje. Ndani hakikulowa hata kichwa kimoja. Baba, kelele iliyotoka mle chumbani, ningeweza ningekutumia hiyo badala ya barua.

Mwenyekiti alikwenda kusimama nyuma ya kanisa peke yake. Aliporudi aliniuliza unapokaa Makunduchi ni upande gani. Sikumjibu mpaka kwanza nimeuliza kwa nini. Akasema: "Nna deni la miaka sita kwake." Nikamwelekeza. Yeye anarudi kesho, anatutangulia.

Mwanao,
Yustina


Mjini, 18 Septemba 2025

Mwanangu Yustina,

Marahaba, na karibu nyumbani. Barua hii nimemwachia Bi Kidawa, utaikuta mezani, na amenilisha mpaka goti limeacha kuuma.

Yako ilisomwa uwanjani kwangu mara tatu. Bi Thuwaiba alitaka pale pa fimbo kuruka parudiwe mara ya nne. Kisha akalia, akasema sasa anaweza kuumwa kwa raha.

Mwenyekiti alikuja. Alivua viatu, akakaa mkekani, akanipa shikamoo kwanza, ndipo akasema neno lake. Soda hakuleta. Alisema: "Mzee Agustino, ulituambia, hatukusikia." Nilikuwa na hotuba ya miaka sita nimeitayarisha, na nilipofungua mdomo nikakuta nimesema karibu ndani.

Lakini ujue kwamba sikumngoja yeye. Jumapili ya kwanza baada ya nyinyi kuondoka nilivaa kanzu ya marehemu babu yako, nikapanda gari la asubuhi, nikaingia kanisani nikakaa dirishani. Hakuna aliyenigeuzia shingo isipokuwa watoto. Nikapiga magoti, goti bovu na zima, nikamwomba Mungu akushikilie dari yako. Nimefanya hivyo Jumapili zote nne. Fomu yako imo ndani ya bahasha hii, iangalie: kisanduku cha kwanza nimekitia alama, kwa wino ule ule.

Ukishapumzika usinitafute Makunduchi. Niko kanisani, juu ya jukwaa la fundi, upande wa madhabahu, nabandua saruji. Vijana wa kwaya wananisaidia na hawajui kushika kitu. Njoo na mwiko wako.

Babaako