Kipepeo Puani na Siafu Surualini

Dada Furaha, jambo sana huko Bunia! Wewe uliyesema siwezi kutulia hata kanisani, soma hii ukiwa umekaa. Leo mvua ilipokatika tulihesabu ndege na vipepeo kando ya ziwa hapa Kampala, na kipepeo mmoja wa buluu akatua puani mwangu. Mama Nakato, mkubwa wetu wa kazi, akaniita bwana kwa Kiganda, akinong'ona: "Ssebo, ukitikisika kabla sijampiga picha, kesho huji!" Wakati huo siafu wananipanda ndani ya suruali. Nikatulia kama nguzo, dada! Picha ilipopatikana nikajitosa ziwani na viatu vyangu, na bata wote wakaruka kabla ya kuhesabiwa. Kesho nakwenda tena, ila kupika chai tu, si kuhesabu. Mkumbatie Mama, na uache wivu.

Mdogo wako hodari,
Bahati