Maharage ya Mfuko wa Kushoto

Mama Salome, shikamoo.

Baada ya matanga yako Salome alinipa koti lako la kazini. Nikalivaa, likanipwaya, nikatia mikono mifukoni. Kulia maharage kumi na matatu, kushoto saba. Nikakaa chini nikalia.

Unajua kwa nini. Kwenye tiba yetu ya muziki, kila mgonjwa alipopiga ngoma bila kuambiwa, ulihamisha punje moja kutoka kulia kwenda kushoto, macho yako yasimtoke. Ndipo mwishoni unaandika idadi daftarini. Kikao chako cha mwisho kilikuwa cha Mzee Chilumba, yule fundi wa mtaa wa Gerezani ambaye kiharusi kilimnyima kauli. Ukurasa wake una tarehe tu; hukuwahi kuandika idadi.

Na sasa Zuhura, binti yake, amekuja juu. Anasema baba haongei, kuna faida gani yeye kufunga duka lake Kariakoo kila Alhamisi kumleta? Anataka kumwachisha tiba. Kurasa nilizoandika mimi hazikunisaidia kitu. "Leo kachangamka." "Leo yuko poa." Ulikuwa unanifokea: "Kuchangamka ndiyo kufanya nini? Andika alichofanya, acha kuniandikia umbea!"

Kikao chake cha kabla ya kile cha mwisho uliandika kwamba alipiga mara mbili. Mbili mpaka saba, jamani! Nikashika kalamu nijaze saba, Zuhura aone. Mkono ukagoma. Mimi sikuwemo chumbani. Nikaandika kwenye ukurasa wangu: "Maharage saba yamekutwa mfuko wa kushoto. Sikuona mwenyewe." Yaani hata umekufa bado nakuogopa.

Alhamisi nikamvalisha Zuhura koti, nikamwonyesha namna ya kuhesabu. Akaguna, lakini akakaa. Nikapiga ngoma yangu, nikanyamaza, nikasubiri. Mzee akainua mkono wake mzima, akapiga. Zuhura akahamisha punje.

Mwisho akamwaga mfuko wa kushoto mezani: manne. Manne tu, Mama Salome, si saba. Akayahesabu tena. Kisha akasema, "Alhamisi ijayo nitakaa karibu zaidi, nimwone vizuri."

Nilikukumbuka sana siku hiyo. Chumba kimekuwa kikubwa bila wewe.

Pumzika, mwalimu wangu. Ule ukurasa wako sitaujaza, na nakuahidi sitaandika nisichokiona. Cha Alhamisi nilikiona: wakati wa kutoka, Mzee Chilumba alimshika binti yake mkono. Mara moja.

Wako,
Tumaini