Marehemu Aliyekuja Kuchukua Mbegu

Jumatatu, 3 Novemba

Nimelisoma tangazo mara ya nne. Mhandisi Mwandamizi wa Akili Mnemba, kampuni ya Dar es Salaam, kazi unafanyia popote. Nimelichapa ofisini na kuweka alama kwa penseli. Shahada: ninayo. Uzoefu wa miaka mitano: ninao wa miwili. Mfumo unaotumiwa na watu halisi: ninao. Programu yangu inasoma orodha za vifo ambazo wenyeviti wa vijiji huandika kwa mkono, inazilinganisha na rejista ya chama chetu cha wakulima wa pamba. Jina likifanana, mwanachama anaondolewa. Kazi ya mwezi mzima inaisha kabla ya chai.

Kipengele nilichopigia mstari mara mbili: utaamua peke yako, bila kusimamiwa. Ndicho ninachokitaka. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa.

Jumanne, 4 Novemba

Mama mmoja wa Bugwema ameingia ofisini kwetu hapa mjini, barabara ya Mukendo, vumbi hadi magotini. Akasimama mbele ya meza yangu.

"Mwanangu, mimi ndo marehemu. Nimefuata mbegu."

Nilidhani anatania. Ghala la chama huko Bunda limemkatalia. Kwenye rejista, mbele ya jina lake, Nyanjura Mafuru, pameandikwa marehemu. Foleni nzima ilimcheka.

"Nilikuwaga najua wafu hawali. Sasa mbona njaa inaniuma?"

Wenzangu wakacheka. Mimi nilishindwa. Nikamwambia nitaangalia. Sikumwambia programu ni yangu. Mwoga.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeangalia. Aliyekufa ni bibi yake, naye Nyanjura Mafuru. Bibi alimpa mwanawe wa kiume jina la baba yake mwenyewe, Mafuru. Huyo mwana akampa bintiye jina la mama yake, Nyanjura. Ndivyo tulivyo huku, majina yanazunguka.

Na mimi je? Nina jina la babu aliyezikwa kabla sijazaliwa. Bibi yangu kule Butiama ananiita mume wangu. Nimelijua hili tangu utotoni na sikulikumbuka hata mara moja nilipokuwa naandika programu. Ningekuwa mwanachama, ningejiua mwenyewe kwenye rejista.

Nimetafuta wengine walioondolewa wenye majina ya kurithi. Kumi na tisa. Wapo waliokufa kweli. Wepi, sijui. Nikifumba macho nawasikia wakiitana. Mvua imeshaanza. Asiyepanda sasa hana msimu.

Ijumaa, 7 Novemba

Fomu ya kampuni ina swali: eleza mfumo wako uliowahi kukosea, na nani aligundua kosa. Nimekaa mbele yake asubuhi yote. Aliyegundua ni marehemu.

Nikakisoma tena kile kipengele chenye mistari miwili. Ndivyo nilivyofanya kazi hapa. Nilipomwomba Mama Katibu wa chama akague, alisema, "Wewe ndo msomi, sisi tukague nini?" Nikafurahi, mjinga mimi.

Nimewaandikia kampuni: nani atakagua kazi yangu? Wamejibu haraka. Hakuna, ndiyo maana wanatafuta mwandamizi.

Sikutuma. Nimekwenda kwa Mama Katibu, nikasema yote. Nilijua kazi imekwisha.

"Umezika watu kumi na tisa kwa kompyuta, na chai yangu unakunywa?"

Kisha akanirudishia orodha ya majina. Niende kila kijiji, nisome majina mkutanoni. Nisirudi na jina ambalo hakuna aliyelisemea, yu hai au amekufa.

Jumatano, 12 Novemba

Nilimrudisha Nyanjura kwenye rejista, akapata mbegu juzi. Alinishika mkono, akaubonyeza taratibu, kana kwamba anapima kama na mimi ni mzima.

Leo Butiama. Majina matano. Nasoma moja, nasubiri. Kwa jina la kwanza mzee mmoja nyuma aliinua fimbo. "Nipo. Kwani nani kaniua?" Watu wakacheka, mimi nikamwomba radhi mbele ya wote. Majina matatu yaliyofuata, ndugu zao walisema waliwazika. La mwisho lilikaa hewani. Halafu mwanamke mmoja akasema polepole, "Huyo ni mama yangu. Tulimzika mwezi wa sita." Nimeandika kwa penseli, nikamsomea nilichoandika, akakubali.

Mkutano ulipoisha nikapitia kwa bibi. Alikuwa anachambua maharage mlangoni. Hakuinua macho.

"Mume wangu, leo umechelewa."

Nimeitika. Nikakaa chini, tukachambua sote.