Nilivaa Pagne ya Bokilo Wangu Mbele ya Kamera

Tantine Odile mpendwa, nisaidie mbio mbio, dimanche, siku ya misa, inakaribia na mi sijui nicheke ao nilie. Jina yangu ni Merdi, niko mutoto wa wavuvi wa pale maporomoko, na tuko na kikundi yetu ya kuigiza, tunatengeneza feuilleton, mchezo wa vipande vipande, ya mambo ya nyota kwa televizio ya hapa muji, inaitwa Boyoma 3000, chombo yetu ya kuruka angani ni mapipa ya mafuta tulipaka rangi ya fedha na ventilateur mbili za kupepea hewa, lakini ukiiona ku écran, Tantine, utaapa imeshuka kutoka juu kabisa!

Bon, episode ya dimanche hii tulitaka kuchekesha watu na zile filme za espions, wapelelezi, unazijua, yule mutu wa miwani nyeusi hatoki jasho hata akiruka kutoka ghorofa, na adui yake badala ya kumupiga risasi anakaa kumuelezea mpango wote, sisi wa kwetu alieleza mpaka chikwangue, mukate wa muhogo aliokuwa anakula, ikamuishia mukononi, na kufukuzana tulifanya na toleka, bisikleta mbili za kubeba abiria, zenye taa za bleu ku barabara ya Bangboka, moja ilikuwa imebeba abiria wa kweli ambaye tulimusahau huko nyuma, anapiga kelele "mi nashukia hapa!", tukaacha vile vile, iko muzuri ajabu!

Sasa sikia hadithi yenyewe. Mfalme wa nyota moja ameiba courant, umeme yote ya dunia, ameifungia mu palais yake, na ku mulango kuko askari wenye machine inayotambua kila mutu aliyejibadilisha. Agent, yule wetu wa miwani nyeusi, atapita namna gani? Mi mwenyewe nikapata idée, Tantine: atavaa kama bokilo! Mama mukwe! Nani atathubutu kusimamisha mama mukwe ku mulango? Machine ikalia weee, lakini askari wote wakashusha macho, wakaficha masahani waliyokuwa wanakulia, wakaweka bunduki za mwanga chini, na agent akapita taratibu anatikisa pagne, ile kitenge ya kiuno.

Shida iko hapo. Agent ni mimi, na kamera ilipoanza sikuwa nimefikiria bokilo anatembea namna gani, mwili ukaenda wenyewe, ukatembea kama Mama Adeline. Huyu ni mama ya Claire, fiancée wangu ninayetaka kuoa, na ni muuzaji wa maharagi ya jumla, familia yao ilitoka Nord-Kivu. Yeye akisalimiwa anasimama katikati ya njia, hata moto, pikipiki, iko inapiga klaksoni, anakaza pagne yake polepole, anakuangalia kuanzia sapatu mpaka nywele, halafu anainua kidole kimoja na kusema, "Sawa, mais sawa ya nini?", yaani sawa, lakini ya nini. Nilifanya yote, na kidole, na sauti. Nephtali, mkubwa wetu anayeshika kamera, alikaa chini kwa kucheka.

Na haijaisha. Pagne niliyovaa, ile ya tausi, Claire ndiye alileta, nikafikiri ni yake. Tumemaliza, ananiambia anacheka, "Aka, ile ni ya mama, alivaa siku familia zetu zilitambulishana." Tantine, nikaivua mbio mbio! Kwetu siwezi kula mbele ya bokilo, siwezi hata kukalia kiti ametoka kukalia, na mi nimefunga pagne yake ku kiuno, na muji muzima itaona!

Na Mama Adeline, kwa furaha ya kuwa mukwe wake anatoka ku televizio, amealika avenue nzima, majirani wote, kuja kuangalia kwake, amekodi viti. Dot yetu, siku ya kutoa mahari, ni samedi inayofuata, siku sita baada ya ile dimanche. Claire anasema, "Mama atacheka tu." Kaka yake Constant anasema, "Mama akiona haya mbele ya watu, dot hakuna." Nephtali anasema tukikata ile sehemu ya mulango hakuna episode, maana hadithi yote inapitia pale. Nikate ao nisikate? Nampenda Claire kuliko yote, lakini uwiii, Tantine, hatujawahi kufanya kitu kizuri kama hii!
Merdi, agent mwenye hofu, Tshopo

TANTINE ODILE ANAJIBU

Wee Merdi, nimecheka mpaka chai ikanimwagikia. Sasa nimemaliza kucheka, kaa vizuri.

Unaniuliza kukata ao kutokata, kama vile shida iko mu filme. Shida yako ni kwamba avenue nzima itamuona Mama Adeline kabla yeye hajajiona. Mama wa watu amekodi viti ili ajivunie wewe, na wewe unataka kumukalisha pale katikati ya majirani bila kumuambia kitu? Haya iko wapi? Na huyo Claire wako, kama ana hakika mama atacheka, mbona hajamuambia mpaka leo? Anaogopa kama wewe, tena yeye ndiye alifungua valizi ya nguo ya mama yake bila ruhusa. Mupelekee salamu zangu, umuambie nimekasirika.

Pole lakini, mutoto wangu, maana naona kitu hujakiona. Barua yako ndefu hivi, Claire hukusema hata ako namna gani, lakini kidole cha bokilo wako nakiona hapa mbele yangu. Mutu hamutazami hivyo mama asiyemupenda.

Kwa hiyo usitume message, wala usiende kumuelezea wewe mwenyewe, si kazi ya mukwe. Tafuta dada ya papa yako, aende leo, si kesho. Abebe ile pagne ya tausi imefuliwa na kupigwa pasi, na juu yake pagne ingine mpya, nzuri, si ya kufichaficha. Aingie na Mama Adeline mu chumba, wao wawili, amuonyeshe ile sehemu ya mulango kwa telefone. Na kabla ya kuonyesha aanze hivi: "Mama, mu hadithi yao askari wa nyota zote waliweka bunduki chini kwa heshima ya mama mukwe." Maana ndiyo kweli. Wanaochekwa pale ni askari.

Akikataa, mutarudia ule mulango na pagne ingine na mwendo mwingine, na Nephtali anyamaze. Filme inarudiwa. Mama ya Claire ni mmoja. Akikubali, dimanche umuwekee kiti cha mbele, na wewe ukae nyuma kabisa.

Wakati shangazi yuko ndani, wewe simama inje, ku mulango wa parcelle, kiwanja ya nyumba yake, bila miwani nyeusi. Usikimbie. Halafu utasikia, "Sawa, mais sawa ya nini?" Hapo, agent, mulinzi anakuuliza neno la siri, na machine yake haidanganywi. Shusha macho ujibu: "Pardon, mama."