Nilimpa Sifuri kwa Sauti Yake Mwenyewe

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, huu mwaka wa ishirini na moja, na somo langu nalijua kwa chaki na ubao, mimi natamka, darasa linaitikia, kisha mmoja mmoja anasimama kusoma, na kwa njia hiyo nimetoa watu waliofika mbali. Mwaka huu shule ikaletewa vishikwambi thelathini vyenye programu inayokusikiliza ukitamka na kukupa alama, nami siku ya kwanza, nikiwa peke yangu ofisini, nikajaribu aya niliyoifundisha miaka yote, nikapata arobaini na sita kwa mia. Nikarudia, arobaini na nne. Hilo sijamwambia hata mke wangu. Nikavifungia kabatini, ufunguo nikautia mfukoni, wenzangu nikawaambia vitu hivi vinalemaza watoto.

Sasa yupo binti mmoja wa kidato cha pili mwenye kigugumizi. Akisimama kusoma neno linamkwama, wenzake wanacheka, nami humwambia kaa nikapita kwa mwingine, nikidhani namsitiri. Mwezi uliopita mwalimu mkuu aliruhusu kazi ya kusoma iletwe ikiwa imerekodiwa kwa simu. Binti akaleta. Nilipoicheza darasani ikatoka sauti safi, na ile r ya kooni inayonishinda mimi mwenyewe, nikaizima katikati.

"Nani kakusomea hii?"

"Ni m-m-m..."

"Mmeona?" nikaliambia darasa, likaangua kicheko, nikamwandikia sifuri.

Leo siku ya tisa hajarudi shule. Juzi akaja shangazi yake anayemlea, fundi cherehani, mkononi ana simu iliyopasuka kioo.

"Mwalimu, sikuja kugombana. Nimekuja usikilize."

Kumbe mtoto alikuwa akijifunza kwa programu kama ile ile, kwenye simu ya shangazi, katika chumba cha kushonea, na kila jaribio limehifadhiwa, sitini na tatu. La kwanza anakwama mpaka analia. La ishirini anamaliza sentensi.

"Anasema simu haimwangalii mdomo," shangazi akaniambia, akaondoka.

Makamu wa mwalimu mkuu ananishauri nirekebishe alama kimyakimya, eti nikiomba radhi darasani sitawaweza tena. Nifanye nini?

Mwalimu Mwenye Ufunguo

*

Mwalimu,

Pole, maana kupimwa na mashine ukiwa na mvi kunauma, na umenieleza bila kujipamba. Lakini uchungu wako umeumalizia kwa mtoto asiyeweza hata kujitetea, na hilo halifutwi kwa kalamu nyekundu. Umemwaibisha mbele ya watu, utamsafisha mbele ya watu. Makamu anaogopa watakudharau? Wameshakuona ukimwonea mwenzao, unalinda heshima gani?

Nenda kwao wewe mwenyewe, usitume mtu wala karatasi. Mwombe radhi binti, siyo shangazi peke yake, wala usimdai jibu. Mwulize angependa useme nini darasani, kisha useme hicho hicho.

Kabati lifunguliwe. Waambie wanafunzi ulipata arobaini na sita, ukae nao mjifunze hiyo r pamoja. Ila usije ukasusa ukaviachia vishikwambi vifundishe. Simu ilimpa binti huyu kitu ulichomnyima, nafasi ya kukosea bila macho ya watu. Lakini alipoacha shule haikumwuliza kwa nini. Shangazi ndiye aliyeacha kazi akaja kwako. Lugha anajifunza aseme na watu, na watu hao wako darasani mwako. Kwa sasa arekodi. Akiwa tayari, akusomee wewe akiwa na rafiki yake mmoja, na darasa lifuate baadaye, kwa mwendo wake, siyo wako. Atakayecheka, hapo ndipo utumie ukali wako wote.

Siku tisa ni nyingi kwa mtoto. Usikae kutunga hotuba. Vaa viatu uende.